Akiba yako na nyumba janja za Ulaya: majibu ya barua zenu

Tangu toleo lililopita zimenifikia barua nyingi juu ya nyumba zinazoendeshwa kwa simu na pesa zinazomiminwa humo Ulaya. Nimechagua nne. Kwa wasionijua, mimi ni mzaliwa wa Tanga na nimeishi Munich miaka 19. Minne ya mwanzo nilikuwa msaidizi wa fundi wa mifumo ya kupasha nyumba joto. Siku hizi nasoma mikataba kwenye ofisi ndogo inayowekeza katika kampuni changa. Kampuni nitakazozitaja hapa sina hisa hata moja ndani yake, na sijawahi kuajiriwa nazo.

*

*Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi hapa Hamburg, mwaka wa sita sasa. Nimejiwekea euro 8,000. Mwenzangu kazini amenionyesha jukwaa la mtandaoni ambako watu wa kawaida wanachangia mitaji ya kampuni changa. Iko moja inatengeneza kisanduku cha kuendesha nyumba nzima: taa, joto, milango, hadi umeme wa jua. Wanasema pesa inaweza kurudi mara kumi. Niweke 5,000? Nyumbani Muheza nina nyumba haijaezekwa.*
– Muuguzi, Hamburg

Marahaba mdogo wangu. Usiweke 5,000. Nitakueleza sababu kwa urefu, maana mtu akikatazwa bila kuelezwa, kesho yake anaweka.

Tuanze na mji wako mwenyewe. Hapo Hamburg palikuwa na kampuni ikiitwa Protonet. Mwaka 2014 ilikusanya euro milioni 3 kutoka kwa watu wa kawaida kupitia jukwaa la Seedmatch, na pesa zilitimia ndani ya siku chache tu. Ilikuwa habari kubwa Ujerumani nzima. Walikuwa wanatengeneza seva ndogo ya kuweka ofisini, ili data zako zikae kwako. Baadaye wakaingia kwenye nyumba janja na kutangaza kisanduku walichokiita ZOE, kiendeshe vifaa vya nyumbani huku siri za nyumba zikibaki ndani ya nyumba. Wazo lile nililipenda, na bado nalipenda. Mwanzoni mwa 2017 kampuni ikaingia kwenye ufilisi.

Watu wengi hudhani kampuni hufa kwa sababu wazo ni baya. Kampuni ya vifaa vya kushikika hufa hata wazo likiwa zuri, kwa sababu inakula pesa miezi mingi kabla ya kuingiza hata senti. Kalibu ya kumiminia plastiki inalipiwa kabla ya kisanduku cha kwanza kutoka. Kiwanda kinataka malipo ya awali. Duka linataka fungu lake, tena linalipa baada ya miezi miwili au mitatu. Wateja wanarudisha visanduku vilivyogoma kuungana na intaneti ya nyumbani kwao, na kila kinachorudi kinakula faida ya vitano vilivyouzwa. Wakati huohuo seva lazima ziwake usiku na mchana, na mishahara ya wataalamu wa programu hailali. Awamu inayofuata ya mtaji ikichelewa wiki sita tu, mlango unafungwa.

Sasa karatasi yenyewe. Ninaposoma mikataba hii mezani pangu huwa na kalamu ya kijani, na neno la kwanza ninalolipigia mstari ni *nachrangig*. Maana yake ni anayesimama nyuma. Waliochangia kampuni kwenye majukwaa ya Ujerumani mara nyingi hawakununua hisa kabisa. Walitoa mkopo wa namna hiyo, wenye ahadi ya fungu la faida, na wadai wengine wote wako mbele yao. Kampuni ikifilisika, mfilisi anawapanga watu foleni: benki iliyoshikilia dhamana, kisha gharama za ufilisi, halafu kwa pamoja wafanyakazi wanaodai, kiwanda na mwenye jengo. Wewe uko mwisho kabisa, na kwa kawaida sufuria inakuwa imekwanguliwa kabla foleni haijakufikia. Litafute neno hilo kwenye mkataba wako leo usiku. Najua unalisoma Kijerumani vizuri, ungekuwa hulisomi usingepewa wodi.

Hata ungepewa hisa za kweli, bado kuna foleni nyingine. Chukua mfano. Mifuko ya uwekezaji imeweka milioni 20 kwa sharti kwamba kampuni ikiuzwa, wao warudishiwe pesa yao kwanza. Kampuni inauzwa milioni 22. Magazeti yanaandika kwamba imeuzwa milioni 22 na watu wanapongezana. Mifuko inabeba 20. Zinabaki 2, wagawane waanzilishi, wafanyakazi walioahidiwa hisa, na nyinyi wachangiaji. Ile "mara kumi" mliyoambiwa ingehitaji kampuni hiyohiyo iuzwe kwa mamia ya milioni.

Na ni nani hununua kampuni hizi huku? Ni mara chache zinafika soko la hisa. Zinanunuliwa na wakongwe wanaouza swichi, umeme au majokofu. Centrica ya Uingereza, wenye British Gas, waliinunua AlertMe ya Cambridge mwaka 2015 kwa pauni milioni 65, nao walikuwa tayari na hisa ndani. Legrand wa Ufaransa, mabingwa wa swichi na soketi, waliwekeza Netatmo ya Paris mwaka 2015, kisha 2018 wakaichukua yote. Shell waliichukua sonnen, watengeneza betri za nyumbani wa kule Bavaria, mwaka 2019. LG wa Korea mwaka 2024 walinunua asilimia 80 ya Athom ya Uholanzi, watengenezaji wa Homey. Unaona namna ilivyo: mnunuzi mara nyingi alishakaa ndani ya nyumba, anajua ndoo ina maji kiasi gani, na bei anaipanga akijua hivyo. Wewe unasikia bei ikishapangwa.

Jambo la nyakati nalo lina uzito. Mwaka 2021 kampuni changa za Ulaya, za kila aina, zilipata mtaji wa zaidi ya dola bilioni 100. Mwaka 2023 zilipata karibu bilioni 45. Riba ndiyo iliyogeuza upepo. Hadi Julai 2022, benki iliyoweka pesa zake Benki Kuu ya Ulaya ilitozwa nusu asilimia. Kufikia Septemba 2023 ilikuwa inalipwa asilimia 4. Mtu aliyekuwa akipata asilimia 4 akiwa amelala hakuwa na haja ya kuhangaika na kisanduku cha taa. Kwa hiyo mifuko mingi ilikunja mkono, na kampuni zilizokuwa zikienda kwao zikaanza kuja kwako. Nyingine ni za watu waaminifu kabisa. Lakini waulize kwa upole, kwa barua pepe: mifuko mingapi mliifuata kabla ya kuja kwetu, na ilisema nini? Mwanzilishi mkweli atakujibu.

Sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika Novemba 2021 inakupa kinga kidogo. Jukwaa lililo chini ya sheria hiyo lazima likupe karatasi ya maelezo muhimu ya uwekezaji, na mwekezaji asiye mtaalamu ana siku 4 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Ukitaka kuweka zaidi ya euro 1,000 au asilimia 5 ya mali yako, kwa kuangalia ipi ni kubwa, lazima uonywe waziwazi. Onyo hilo usilibonyeze haraka kama tunavyobonyeza yale maombi ya vidakuzi (cookies) kwenye tovuti.

Moyo ukikusukuma sana, weka 250, na uzihesabu kuwa zimekwenda. Sisi kazini tunaweka kwenye kampuni nyingi tukijua nyingi zitakufa, na moja au mbili zitawafidia wote. Wewe una moja tu. Zilizobaki, ezeka nyumba ya Muheza. Msimu mmoja wa masika juu ya kuta zisizo na paa unakula tofali kuliko unavyodhani, na hilo wewe mtoto wa huko sina haja ya kukufundisha.

*

*Dada, habari za kazi. Ninaandika tasnifu ya shahada ya pili Dodoma juu ya uwekezaji wa teknolojia. Naona zamani wawekezaji wa Ulaya walikimbilia balbu na spika za nyumbani, siku hizi ni pampu za joto na betri. Kwa nini?*
– Mwanafunzi, Dodoma

Nzuri sana mwanangu, na swali lako ni zuri.

Pampu ya joto, kwa wasioijua, ni mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani ya nyumba. Lakini uelewe kwanza redieta, kile chuma cha ukutani kinachopitiwa na maji ya moto ili kupasha chumba. Kwenye nyumba nyingi za Ujerumani redieta ina kitasa cha plastiki chenye namba 1 hadi 5. Namba 3 ni kama nyuzi 20. Nilipokuwa naingia nyumba za watu Januari na mkoba wa spana, nilikuta kitasa kiko 5 na dirisha limefunguliwa, kwa sababu mwenye nyumba ameona joto limezidi. Ukitia mkono kati ya redieta na dirisha unasikia pesa yake inavyotoka nje. Katika nishati yote inayotumika majumbani katika Umoja wa Ulaya, zaidi ya asilimia 60 huenda kwenye kupasha vyumba joto. Taa ni sehemu ndogo mno. Ndiyo maana aliyeleta kitasa kinachojizima chenyewe wenye nyumba wakitoka alikuwa na hoja, kuliko aliyeleta balbu ya kubadili rangi.

Google ilipoinunua Nest ya Marekani, watengenezaji wa kidhibiti joto cha nyumba, Januari 2014 kwa dola bilioni 3.2, kila mfuko wa Ulaya ulitaka Nest yake. Hapa Munich walikuwepo tado, walioanza 2011, nao ni watengenezaji wa vitasa vya namna hiyo. Fuatilia safari yao na utakuwa na sura nzima ya tasnifu. Mwaka 2018 walipata dola milioni 50, na kati ya waliotoa walikuwamo Amazon, E.ON wauza umeme, na mfuko wa Total, kampuni ya mafuta ya Ufaransa. Mwanzoni mwa 2022 walitangaza kuingia soko la hisa la Frankfurt kwa kuungana na kampuni iliyokwisha kuorodheshwa, kwa thamani ya euro milioni 450. Vita vya Ukraine vikaanza Februari, masoko yakatetemeka, mpango ukafutwa mwaka huohuo. Ajabu ni kwamba gesi ilikuwa haijawahi kuwa ghali namna ile, yaani sababu ya kununua kitasa chao ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote, na soko la hisa likawafungia. Januari 2023 walipata euro milioni 43, wakiongozwa na Trill Impact, mfuko wa Sweden unaotafuta faida pamoja na manufaa kwa jamii. Kisha Panasonic wakaja na euro milioni 30, kwa sababu Panasonic wanatengeneza pampu za joto. Umeona? Wauza umeme na mafuta, kisha mfuko wa uwekezaji, kisha mtengeneza pampu.

Kiini cha mabadiliko ni hiki: balbu unaiuza mara moja. Umeme unauzwa kila saa. Na bei yake kwenye soko la Ulaya haitulii. Mchana wa Mei jua likiwaka juu ya mapaa yote, bei inashuka hadi chini ya sifuri. Jioni watu wakirudi na kuwasha majiko, inapaa. Aliye na ruhusa ya kuchaji betri yako mchana na kuchelewesha pampu yako jioni anachuma kwenye tofauti hiyo, kila siku, miaka 15. Tado walilielewa hilo mapema, Januari 2022 wakainunua aWATTar ya Austria iliyokuwa ikiuza umeme kwa bei za saa. Tibber ya Norway imejengwa juu ya wazo hilo. Kati ya wafunga sola majumbani, Enpal ya Berlin ilivuka thamani ya dola bilioni 1 mwaka 2021, na 1KOMMA5° ya Hamburg 2023. Hawa hawajiiti nyumba janja, lakini ndani ya kabati la umeme la mteja kipo kisanduku kinachofanya maamuzi, na hicho ndicho mwekezaji anachokinunua. Kwenye takwimu zako ukitafuta neno "nyumba janja" peke yake utadhani sekta imekufa. Pesa imehama jina, iko chini ya "nishati" na "tabianchi". Hapo msimamizi wako akikubana, simama imara.

Balbu zenyewe zilishushwa bei na mambo mawili. IKEA walianza kuuza zao kwa bei ya chini mwaka 2017, na Oktoba 2022 ikatoka lugha ya pamoja inayoitwa Matter, inayofanya kifaa cha kampuni hii kielewane na cha kampuni ile. Kwa mnunuzi ni neema. Kwa mfuko uliowekeza kwenye kisanduku ambacho kazi yake ilikuwa kutafsiri kati ya vifaa, ni biashara iliyokatwa miguu.

Kwa Ujerumani, usisahau mita. Tangu Januari 2025 kila muuza umeme analazimika kutoa mkataba wa bei inayobadilika, lakini nyumba nyingi bado hazina mita ya kupima kwa kila robo saa. Kwangu mimi binafsi niliandika kuomba mita hiyo na nilisubiri miezi minane. Kampuni changa haiwezi kusubiri miezi minane mara wateja elfu. Mapato yaliyoandikwa kwenye mipango yao yanakwama hapo, kwenye ukuta wa chini ya ngazi ambako mita ya zamani bado inazungusha kisahani chake.

*

*Mwanangu, hujambo? Wajukuu wamenifungia kamera mlangoni, naona kwenye simu nani anabisha. Sasa wanasema kampuni imeuzwa kwa wengine. Je, itazimwa? Nami nimeshaizoea, nakaa peke yangu.*
– Bibi, Leicester

Shikamoo bibi. Sijambo, na pole kwa kuingiwa na wasiwasi juu ya kitu ulichokizoea.

Nakuelewa kabisa. Jikoni kwangu juu ya rafu nina kisanduku cheupe kilichokuwa kinaendesha taa na hita. Kampuni iliuzwa, wanunuzi waliwataka wahandisi tu, na baada ya miezi kadhaa ikaja barua pepe kwamba seva zitazimwa mwisho wa mwezi. Kisanduku ni kizima, hakina hata mkwaruzo. Taa yake ndogo inawaka nyekundu, inatafuta seva ambayo haipo tena. Niliumia, maana nilikuwa nimemfungia na jirani yangu mzee kingine kama hicho na ikabidi niende kumwambia. Na hayo hayakutokea kwangu tu: Nest waliinunua Revolv mwaka 2014, na Mei 2016 kisanduku cha Revolv kikazimwa kwa kila aliyekuwa nacho.

Lakini kampuni kuuzwa si lazima kamera izimwe. Mnunuzi akiwa mtengenezaji wa milango au swichi, mara nyingi anataka kamera iendelee kwa sababu jina lake liko juu yake. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, mtengenezaji wa vifaa kama hivi lazima atangaze kipindi cha chini atakachoendelea kutoa masasisho ya usalama, na haruhusiwi kuuza kifaa chenye neno la siri jepesi la kiwandani. Mwambie mjukuu aingie kwenye tovuti ya kampuni atafute kipindi hicho, akuandikie tarehe ya mwisho kwenye karatasi ubandike kwenye friji. Kama kamera ilinunuliwa kabla ya hapo, awaandikie wanunuzi wapya awaulize moja kwa moja. Umoja wa Ulaya nao una sheria yake inayobana zaidi, itakayoanza kwa ukamilifu Desemba 2027. Kila ninapokaa na mwanzilishi sasa nauliza pesa za masasisho ya miaka mitano ijayo ziko mstari gani kwenye bajeti. Wengi wanarudi kuandika upya.

Kwa sasa mwombe mjukuu akufungie pia kengele ya kawaida na kile kioo kidogo cha kuchungulia mlangoni. Vile havihitaji seva ya mtu, na kwa mtu anayekaa peke yake usiku ule kamera itakapogoma ndio utakaovihitaji.

*

*Dada, mimi na wenzangu wawili Arusha tumetengeneza kifaa cha kusimamia betri na pampu za maji kwenye hoteli za Karatu. Hoteli nne zinakitumia na zinalipa kila mwezi. Pesa za Ulaya zinaweza kutufikia?*
– Kijana, Arusha

Hongereni sana. Hoteli nne zinazolipa kila mwezi ni habari nzito kuliko slaidi 40, na ziandike ukurasa wa kwanza.

Pesa hizo zimeshafika Arusha kabla yenu. Ule mfuko wa Total uliowekeza tado ulikuwa pia miongoni mwa wawekezaji wa Off Grid Electric, iliyoanzia hapohapo kwenu kwa kufunga sola majumbani na kulipwa kidogokidogo kwa simu. Waliotoa pesa waliangalia jambo lilelile nililomweleza mwanafunzi wa Dodoma: malipo yanayorudi kila mwezi. Kwa hiyo msijitambulishe kama wauza kifaa. Onyesheni hoteli ya kwanza ilitumia lita ngapi za dizeli kwa mwezi kabla yenu na ngapi sasa, kwa risiti za kituo cha mafuta.

Na mkikaa na mwekezaji, naye muulizeni: mfuko wenu ulianza mwaka gani? Mifuko mingi huishi miaka 10 hivi. Wa mwaka wa pili ana muda wa kuwasubiri mfike hoteli 100. Wa mwaka wa nane anatafuta mlango wa kutokea, na atawasukuma muuze kabla hamjamaliza kufunga ya kumi.